Upepo wa Usiku Usio na Mtumiaji: Uchambuzi wa Kisa cha Mradi Mdogo wa Umeme katika Nyanda za Juu Kusini

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mradi mdogo wa umeme ulioko katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako taasisi moja ya kijamii iliongeza mitambo ya upepo juu ya mtambo wake wa maji, kisha ikajikuta ikiizima mitambo hiyo usiku ule ule ambao upepo ulikuwa mkali kuliko wakati wowote. Jina la taasisi, kata, wilaya na majina ya wahusika yameondolewa. Ukubwa wa mitambo, urefu wa njia na ujazo wa bwawa vimezungushwa, lakini uwiano kati ya vitu hivyo umeachwa kama ulivyo, kwa sababu bila uwiano huo kisa hakifundishi kitu. Isidhaniwe kuwa ni mradi wa Mwenga ulioko Mufindi, wenye megawati 2.4 za upepo, ambao unafahamika kama shamba la kwanza la upepo nchini. Huu ni mdogo zaidi na historia yake ni nyingine. Mwandishi alishiriki kama mshauri wa umeme kuanzia hatua ya vipimo.

Usuli

Taasisi ina hospitali, chuo cha ufundi, karakana ya useremala na kituo cha kukusanyia maziwa. Kwa miaka mingi imejiendesha kwa mtambo wa maji wa kilowati 300, uliojengwa chini ya maporomoko yenye mwanguko wa mita 60, na umeme wa ziada umekuwa ukipelekwa kwenye vijiji jirani kwa njia ya kilovolti 11. Gridi ya taifa ilipofika eneo hilo, njia hiyo iliunganishwa na njia ya kilovolti 33 ya shirika la umeme, kilomita 28 kutoka kilimani, chini ya utaratibu wa wazalishaji wadogo ambao EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inausimamia kwa miradi isiyozidi megawati 10. Mkataba uliruhusu mradi kuuza ziada yake na kununua upungufu wake. Malipo yalikuwa kwa kila uniti (kilowati moja kwa saa moja) iliyopita kwenye mita, na kwa uniti ambayo ingeweza kuzalishwa lakini haikuzalishwa hakukuwa na malipo yoyote.

Tatizo la mtambo wa maji linafahamika kwa kila anayeishi Njombe, Mufindi au Makete. Mvua za huko huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, na baada ya hapo mto hupungua wiki hadi wiki. Kufikia Oktoba mtambo wa kilowati 300 ulikuwa ukitoa chini ya theluthi moja ya uwezo wake, na hospitali ilikuwa ikiwasha jenereta ya dizeli kila gridi ilipokatika. Upepo nao hufuata kalenda iliyo kinyume: kati ya Juni na Oktoba, upepo wa kusini-mashariki, ambao pwani huitwa kusi, huvuma juu ya matuta ya nyanda za juu kwa siku nyingi mfululizo. Maji yanapopungua ndipo upepo unapozidi. Wazo la kuviunganisha viwili hivyo lilikuwa sahihi na bado ni sahihi.

Mitambo miwili ya upepo, kila mmoja wa kilowati 100, ilisimikwa juu ya kilima kwa msaada wa wafadhili. Andiko la mradi lilizingatia jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita kuliko usawa wa bahari, hivyo kasi ile ile ya upepo hutoa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Lilizingatia pia kwamba nguvu ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi: upepo wa mita 12 kwa sekunde una nguvu mara nane ya upepo wa mita 6. Hata hivyo, hesabu zote zilifanywa kwa mwezi. Wastani wa upepo wa kila mwezi ulilinganishwa na upungufu wa maji wa kila mwezi, na majedwali yakapendeza. Katika kurasa zote hizo hakuna mahali palipoulizwa upepo wa kilima hicho huvuma saa ngapi, na saa hizo nani anawasha nini.

Yaliyotokea

Mitambo iliwashwa mwezi wa Juni. Mchana ilifanya kazi bila shida. Kuanzia jioni upepo ulishika, na mara nyingi haukulegea hadi alfajiri. Lakini saa nne usiku, vijiji vikishalala na karakana zikishafungwa, matumizi ya njia nzima yalishuka hadi karibu kilowati 60. Wakati huo mtambo wa maji ulikuwa bado una nguvu, kwa sababu mto wa Juni haujapungua sana. Maji na upepo kwa pamoja vilisukuma kiasi cha kilowati 400 kuelekea kwenye gridi. Volti ilipanda, kifaa cha ulinzi kikaitenga mitambo ya upepo, mitambo ikasimama, volti ikashuka, mitambo ikajiwasha tena, na dakika chache baadaye ikatengwa tena.

Waendesha mitambo wa zamu ya usiku hawakuwa na maelekezo juu ya hali hiyo. Walichagua njia iliyokuwa salama kwa vifaa: waliizima mitambo ya upepo kila jioni na kuiwasha asubuhi. Daftari la zamu la msimu huo lina mstari mmoja unaojirudia ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wa watu tofauti: "Upepo umezimwa saa 2 usiku. Volti juu." Hakuna aliyelaumiwa kwa hilo, wala hakustahili kulaumiwa mtu. Ila daftari lilikuwa na safu ya umeme uliozalishwa tu, halina safu ya umeme ulioachwa, na kwa hiyo ripoti za kila mwezi zilizokwenda kwenye bodi zilionyesha mitambo inayozalisha kidogo, bila kuonyesha kwamba ilikuwa imezimwa.

Hali ya pili ilijitokeza gridi ilipokatika. Mradi ulikuwa na uwezo wa kujitenga na kuendelea kuhudumia hospitali na vijiji peke yake, na kwa mtambo wa maji pekee uwezo huo ulikuwa umefanya kazi kwa miaka. Upepo ulipoongezwa, dharuba moja ilitosha kuingiza kilowati 100 kwenye mtandao unaotumia 60. Masafa ya umeme yalipaa kutoka hezi 50 hadi zaidi ya 53. Gavana, yaani kifaa kinachofungua na kufunga maji, kilijaribu kupunguza, lakini maji yaliyomo katika bomba refu la kushukia hayawezi kusimamishwa ghafla bila kuhatarisha bomba lenyewe. Baada ya mkatiko mmoja kuunguza vifaa vya maabara ya hospitali, meneja wa umeme aliagiza kwamba gridi ikikatika, upepo uzimwe kwanza.

Kufikia mwisho wa msimu wa kwanza, watu wengi walikuwa wameshafikia hukumu yao. Wanakijiji walioyaona mapanga yamesimama usiku wenye upepo wa kung'oa mabati waliamini kwamba mitambo ni mibovu. Baadhi ya wajumbe wa bodi walisema umeme wa upepo hauaminiki na wakapendekeza mitambo iuzwe. Bodi ilikubali kusubiri msimu mmoja zaidi, kwa sharti kwamba vipimo vifanywe.

Vipimo vilionyesha nini

Vifaa vya kurekodi volti, umeme na kasi ya upepo kila baada ya dakika 10 vilifungwa kilimani, kwenye kituo cha maji na kwenye maungio ya gridi. Hatua hii haikuwa na gharama kubwa, na ndiyo iliyogeuza mwelekeo wa kisa kizima. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuchukua kasi ya upepo ya usiku fulani, kuisoma kwenye jedwali la uwezo wa mtambo, na kusema usiku huo kiasi gani kiliachwa.

Sababu ya volti kupanda iligawanyika katika sehemu tatu, na inafaa kuzitaja kwa tarakimu kwa sababu mjadala wa awali ulikuwa wa kulaumiana bila hesabu. Sehemu ya kwanza ilitoka kwenye gridi: usiku wa manane volti kwenye maungio ilikuwa juu ya kiwango kwa takriban asilimia 4, jambo la kawaida kwenye njia ndefu ambayo huanzishwa juu kidogo ili wateja wa mwisho wasipate umeme hafifu jioni. Sehemu ya pili ilikuwa tepu ya transfoma ya maungio, yaani mpangilio wa kuongeza au kupunguza volti inayotoka kwenye transfoma, ambayo miaka mingi nyuma iliwekwa kuongeza asilimia 2.5, pia kwa ajili ya jioni. Sehemu ya tatu ilikuwa njia ya mradi wenyewe. Kilomita 28 za waya mwembamba zina ukinzani wa karibu ohimu 17, na kusukuma kilowati 400 kupitia ukinzani huo kwa kilovolti 11 huinua volti ya kilimani kwa karibu asilimia 5.6. Jumla ni asilimia 12, na kifaa cha ulinzi kilipangwa kutenga ikizidi 10.

Kwa hiyo upepo ulikuwa ukizimwa kwa sababu ya asilimia mbili tu. Tena sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa ndani ya uzio wa mradi: njia iliyojengwa kupeleka umeme kidogo kijijini ilikuwa imegeuzwa, bila kubadilishwa waya, kuwa barabara ya kuuza umeme mwingi nje.

Maamuzi na sababu zake

Mapendekezo manne yaliwekwa mezani. La kuuza mitambo lilikataliwa mara vipimo vilipoonekana. La kubadilisha waya wa njia yote lilikuwa suluhisho kamili la volti, lakini fedha hazikuwepo. La kununua betri liliungwa mkono na wengi, na lilistahili kuchunguzwa kwa makini. Likaachwa kwa sababu ambayo si ya bei peke yake. Upepo wa kilima hicho huvuma usiku kadhaa mfululizo. Betri ya saa tatu au nne ingejaa usiku wa kwanza, mchana ingepunguzwa kidogo, na usiku wa pili ingekuta nafasi ndogo ya kupokea, ilhali mapanga bado yanazunguka.

Pendekezo la nne lilitoka kwa mhandisi kijana wa kituo cha maji, naye alilieleza kwa sentensi moja katika kikao: kama umeme umezidi usiku, kinachopaswa kufungwa ni maji, si upepo, kwa kuwa maji yakifungwa hubaki na upepo ukizimwa haurudi. Mtambo wa maji ulikuwa ukiendeshwa kwa mtiririko wa mto tu, lakini juu ya banio, pale maji ya mto yanapochepushwa kwenda mtamboni, kulikuwa na kibwawa cha kutulizia mchanga ambacho kingeweza kupanuliwa. Bodi ilikubali kukipanua hadi mita za ujazo 3,000. Kwa mwanguko wa mita 60 na ufanisi wa robo tatu, kila mita 8 za ujazo hutoa takriban uniti moja ya umeme, kwa hiyo bwawa zima lina karibu uniti 370: kilowati 120 kwa saa tatu, ambazo ndizo saa za jioni vijiji vinapowasha taa, redio na pasi.

Faida ya pili ya uamuzi huo haikutazamiwa na wote. Mtambo wa maji ukipunguzwa usiku, kiasi kinachosukumwa kwenye njia hupungua, na volti hushuka yenyewe. Kufunga maji kulihifadhi maji na wakati huo huo kukaufungulia upepo njia.

Pamoja na hilo, tepu ya transfoma ilirudishwa katikati, jambo linalopunguza asilimia 2.5, na vifaa vya kielektroniki vya mitambo ya upepo vikapangwa kuvuta kiasi cha umeme riaktivu, ule usiofanya kazi ya moja kwa moja lakini unaoathiri volti. Hilo lilipunguza zaidi ya asilimia moja. Shirika la umeme lilikubali mpangilio huo baada ya kuonyeshwa vipimo, kwa kikomo kilichoandikwa. Ni vyema kusema wazi kwamba mazungumzo hayo yalikwenda vizuri kwa sababu mradi ulikwenda na tarakimu za dakika 10 kwa 10, ukiwa umeshakiri kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni waya wake.

Uamuzi wa mwisho ulihusu hita za kumwagia umeme. Kituo cha maji, kama vituo vingi vya aina hiyo, kina tangi la zege lenye hita zinazokula umeme uliozidi ili masafa yasipande. Maji katika tangi hilo yalikuwa yakichemka usiku kucha na mvuke wake kwenda angani, na hospitali iliyo upande wa pili wa bonde ilikuwa ikichemsha maji ya wodi kwa kuni za mikaratusi. Iliamuliwa kwamba sehemu ya hita hizo ihamishiwe kwenye tangi la lita 2,000 la hospitali. Nyingine zilipelekwa kwenye chumba cha kukaushia mbao cha karakana, na kituo cha maziwa kikafungiwa mashine ya kugandisha barafu usiku ili maziwa ya asubuhi yapozwe kwa barafu hiyo. Pampu ya maji ya kijiji nayo ilihamishiwa usiku. Kwa wenye mashine za kusaga, bodi ilitangaza bei nafuu baada ya saa nne usiku.

Matokeo

Katika msimu wa pili, mtambo mmoja wa upepo uliachwa ukizunguka usiku karibu wakati wote, na wa pili ulizimwa tu usiku wa dharuba kubwa. Jenereta ya dizeli iliendelea kuhitajika, lakini kwa saa chache, hasa Oktoba na Novemba upepo ukilegea kabla mvua hazijaanza. Gridi ilipokatika, mtambo mmoja wa upepo uliruhusiwa kufanya kazi kwa kiwango kilichopunguzwa, na hita za hospitali, ambazo hujibu kwa sehemu ya sekunde, zikachukua kazi ambayo gavana ya maji haiwezi kuifanya kwa haraka. Masafa yalibaki ndani ya kiwango. Hospitali ilipunguza kuni kwa kiasi kilichoonekana kwa macho kwenye ghala.

Si yote yaliyofanikiwa. Hita za hospitali awali ziliunganishwa na swichi za saa, zikawa zinawaka saa nne usiku iwe kuna upepo au hakuna. Usiku usio na upepo zilikula umeme ulionunuliwa kutoka kwenye gridi, na hati ya malipo ya mwezi wa kwanza ikalionyesha hilo. Swichi za saa ziliondolewa, vikafungwa vidhibiti vinavyosoma volti: volti ikipanda, maana yake kilimani kuna ziada, hita zinawaka, ikishuka, zinazima. Hakukuhitajika mtandao wa simu wala kompyuta.

Pampu ya kijiji ilileta mshangao wa aina nyingine. Kila mtu alikuwa ameitaja kwanza kama mlaji mkubwa wa umeme wa usiku, lakini kuinua mita za ujazo 50 hadi tangi lililo mita 80 juu kunahitaji takriban uniti 18 tu. Kupasha tangi la hospitali kutoka nyuzi 15 hadi 65 kunahitaji zaidi ya uniti 110. Upepo mkali wa usiku mmoja ukiendesha mitambo yote miwili kwa saa kumi hutoa uniti 2,000. Anayepanga matumizi ya umeme wa ziada aanze na joto na baridi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomeza, na pampu aihesabu kama nyongeza.

Bei nafuu ya kusaga usiku ilishindwa kabisa, na ilishindwa kwa sababu mbili. Mita za malipo ya kabla zilizofungwa vijijini, zinazofanya kazi kama LUKU, zina bei moja kwa saa zote, hivyo punguzo lililotangazwa lingehitaji kurejeshwa kwa mkono mwishoni mwa mwezi. Sababu ya pili ndiyo nzito. Mama hawezi kutembea usiku na debe la mahindi kichwani, na mwenye mashine alipojaribu kupokea mahindi mchana ili ayasage usiku, wateja walikataa. Mtu anataka kuona mahindi yake yakiingia na unga wake ukitoka. Hilo lingejulikana kwa kuwauliza akina mama watatu kwenye foleni ya mashine kabla ya tangazo kubandikwa.

Bwawa nalo lilizua malalamiko. Chini ya kituo wapo wakulima wa vinyungu, bustani za mabondeni ambazo watu wa Iringa na Njombe hulima wakati wa kiangazi, nao humwagilia asubuhi na mapema. Bwawa lilipokuwa likijazwa hadi kunapambazuka, mifereji yao ilikuwa mitupu saa ile waliyoihitaji. Baada ya kikao kilichohudhuriwa na bodi ya maji ya bonde, ilikubaliwa kwamba kujaza kuanze saa nne usiku na kukome saa kumi alfajiri, na kiasi fulani cha maji kiachwe kipite wakati wote. Kwa mtiririko wa kiangazi bwawa hujaa kwa saa nne hivi, kwa hiyo makubaliano hayo yaliacha nafasi ya kutosha, lakini hayangefikiwa kama wakulima wasingelalamika.

Uchambuzi

Umeme wa upepo hupotea kwa njia mbili, na tiba zake ni tofauti. Mara nyingine watumiaji wapo lakini njia ya kuwafikia haipo au ni nyembamba. Kaskazini mwa Kenya, mitambo 365 ya Ziwa Turkana, yenye jumla ya megawati 310, ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini umeme wake haukuingia kwenye gridi hadi mwaka 2018, kwa sababu njia ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa haikuwa imekamilika. Uingereza, wazalishaji wa upepo wa Scotland hulipwa wapunguze uzalishaji pale njia za kwenda kusini zinapojaa. Mkoa wa Gansu nchini China mwaka 2016 uliacha zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa upepo ambao ungeweza kuzalishwa. Mara nyingine njia ipo lakini saa hiyo hakuna anayehitaji. Katika kisa chetu vyote viwili vilikutana: njia nyembamba, na saa ambayo watu wamelala. Bodi iliviona kama kitu kimoja ikakiita udhaifu wa upepo, na ndiyo maana msimu wa kwanza ulipotea bila tiba yoyote kujaribiwa.

Kilichofanikiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kule kuutazama mradi mzima badala ya mtambo mmoja. Kisiwa cha El Hierro, huko Canarias, Hispania, kimejengwa juu ya wazo hilo hilo tangu mwaka 2014, kwa mitambo ya upepo inayopandisha maji kwenye bwawa la juu ili yashuke baadaye yakizalisha umeme. Mradi wetu haukuhitaji hata kupandisha maji. Mto wenyewe huyaleta, na kazi ilikuwa kuyasubirisha. Nyanda za juu kusini zina vituo vingi vidogo vya maji vya hospitali, misheni na viwanda vya chai, na popote penye kituo cha namna hiyo karibu na kilima chenye upepo, swali la kwanza liwe ukubwa wa bwawa, kabla ya swali la betri.

Mpangilio wa tepu unabaki kuwa mapatano yenye gharama. Tepu ikiwa katikati, vijiji vya mwisho hupata taa hafifu jioni zile ambazo maji ni kidogo na upepo umetulia. Transfoma hiyo haibadilishwi tepu ikiwa na umeme, kwa hiyo mradi sasa huibadilisha mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Juni na mvua zinapoanza, na kila mara wateja wote hukatiwa umeme kwa muda. Malalamiko ya Oktoba yapo na ni ya haki.

Upo pia upepo unaoendelea kupotea, na sehemu ya upotevu huo inapaswa kukubaliwa. Machi na Aprili mto umejaa, bwawa linafurika, gridi yenyewe ina maji ya kutosha. Machi 2024, baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha, vituo vitano vya maji vilizimwa kwa muda nchini kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Katika miezi hiyo kuzima mtambo mdogo wa upepo kilimani si kosa la mtu, na kutumia fedha kuzuia upotevu huo kungekuwa na hasara kubwa kuliko upotevu wenyewe. Ninachokipinga ni upotevu usioandikwa. Daftari la zamu sasa lina safu mpya, ya kilowati zilizoachwa na sababu yake, na ripoti ya bodi hutenganisha upepo ulioachwa kwa sababu ya volti, kwa sababu ya gridi kukatika, na kwa sababu ya wingi wa maji.

Kwa upande wa wafadhili, kipimo cha mafanikio katika andiko la kwanza kilikuwa kilowati zilizosimikwa. Kwa kipimo hicho mradi ulifaulu siku mapanga yalipopandishwa, na msimu mzima wa usiku wa mapanga yaliyosimama haukuweza kuonekana popote katika ripoti. Kipimo kingekuwa uniti zilizomfikia mtumiaji, waya wa njia ungejadiliwa kabla ya mitambo kuagizwa, na pengine fedha za mtambo wa pili zingekwenda kwenye waya.

Suala hilo la waya ndilo lililobaki wazi. Fedha za kubadilisha kilomita zote 28 bado hazijapatikana, lakini usiku, vijiji vikiwa vimelala, umeme unaopita kwenye njia ni karibu ule ule kuanzia kilimani hadi kwenye maungio, na kwa hiyo kila kilomita inayobadilishwa inasaidia kwa kadiri yake. Bodi imeidhinisha kilomita 10 za kwanza kwa waya wenye ukinzani wa theluthi moja ya ule wa sasa. Kwa kilowati 400 zile zile, kupanda kwa volti kutashuka kutoka asilimia 5.6 hadi karibu 4.3, na pengo hilo linatosha kuuacha mtambo wa pili uzunguke katika sehemu kubwa ya usiku ambazo sasa unazimwa.